Dakika Tisa za Costa

Atlético Madrid kumpanga Diego Costa fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid, Lisbon, Mei 24, 2014, lilikuwa kosa hata kabla filimbi haijalia. Siku saba nyuma alitoka Camp Nou dakika ya 16 akichechemea, nyama za paja zimegoma. Arda Turan aliumia mechi hiyohiyo. Turan, kocha Diego Simeone alimwacha nje, akapatia.

Costa akapelekwa Belgrade, habari zikajaa tiba ya kondo la nyuma la farasi. Dakika ya tisa ya fainali huyo anatoka, Adrián anaingia. Sub moja kati ya tatu imeungua.

Msuli wa nyuma ya paja huchanika zaidi mtu akiwa kwenye mbio kali: mguu umetangulia, unakaribia kukanyaga, msuli unavutika huku unafunga breki. Ulioumia jana ndio ulio rahisi kuumia leo. Halafu kuna kichwa. Watafiti Andersen na Williams walishaeleza tangu 1988 kwamba presha hukaza misuli na kumbana mchezaji macho, asione cha pembeni. Sasa mtu ana paja bovu, yuko kwenye fainali kubwa kuliko zote alizowahi kucheza, na Kombe la Dunia liko mlangoni. Unamuuliza, "Uko fiti?" Ulitegemea akujibu nini? Nimelipigia kelele hili hadi nimechosha watu: mgonjwa hajiandikii ruhusa ya kutoka wodini.

Alf Ramsey, kocha wa England, hakuuliza. Kombe la Dunia 1966, mshambuliaji wake Jimmy Greaves alichanwa muundi kwenye mechi na Ufaransa, akashonwa, akapona kabla ya fainali. Ramsey akabaki na Geoff Hurst, aliyechukua nafasi yake. Enzi hizo hakuna sub. Mguu ukigoma, mnamaliza pungufu. Hurst akatupia matatu kwenye fainali. Makocha wa leo wana benchi limejaa, kifua kile hawana.

Turudi Lisbon: Godín aliifungia Atlético, na ukuta ulisimama vizuri hadi Ramos wa Real aliposawazisha dakika ya 93. Ila sub ya tatu ya Atlético ilishatumika dakika ya 83. Kwenye dakika 30 za nyongeza beki Juanfran anaburuza mguu pale kulia, wa kumpokea hayupo. Di María wa Real akapita upande wake dakika ya 110, Bale akamalizia kwa kichwa. Ikaisha 4-1.

Simeone alikubali kwamba lawama ni zake. Del Bosque, kocha wa Hispania, sijui alikuwa anatazama mechi gani: mwezi uliofuata, kwenye Kombe la Dunia, alimwanzisha Costa dhidi ya Uholanzi na Chile, akamtoa zote mbili, Hispania ikafungasha virago.