Istilahi na Hukumu: Majina Matatu ya Historia ya Ulaya katika Kiswahili

Mwenye kutafsiri historia hudhaniwa mara nyingi kuwa kazi yake ni kulinganisha maneno: hapa pana neno la Kizungu, pale litafutwe la Kiswahili lenye kulitosha, na mambo yamekwisha. Dhana hiyo yaweza kufaa kwa majina ya madini au ya mimea, lakini haifai kwa majina ya zama. Jina la zama ni hukumu iliyotolewa na watu fulani juu ya watu wengine, na mara nyingi hutolewa baada ya wahusika wote kufa. Mfano mzuri wapatikana katika majina matatu ambayo hapana kitabu cha historia ya Ulaya kati ya miaka ya 1400 na 1600 kiwezacho kuyaepuka: jina la kurudi kwa elimu na sanaa za Wayunani na Warumi, jina la msukosuko wa Kanisa la Magharibi, na jina la safari za bahari za Wareno na Wahispania.

Katika lugha za Ulaya majina hayo yamezoeleka hata hukumu iliyomo ndani yake haionekani tena. Kiswahili hakina maficho hayo. Jina la tendo hutokana na kitenzi kilicho hai, na mnyambuliko wa kitenzi hicho hueleza waziwazi kama jambo limetokea lenyewe au limetendwa na mtu, na kama lilitendwa, nani alitendewa. Ndiyo sababu istilahi zetu zastahili kupimwa kwa sarufi yake kwanza, kabla ya kupimwa kwa uzuri wake masikioni.

Jina la kwanza huandikwa kwa njia nyingi: Mwamko, Ufufuko, Kuzaliwa Upya, na pengine Renesansi tu. Kuzaliwa Upya ndiko kulikofuata asili kwa karibu zaidi, kwa maana Giorgio Vasari, alipoandika habari za mafundi wa Italia mwaka 1550, alitumia neno lenye maana ya kuzaliwa tena, akisema juu ya sanaa tu. Waliolipanua jina hilo liwe jina la zama nzima ni watu wa karne ya 19, hasa Jules Michelet mwaka 1855 na Jakob Burckhardt mwaka 1860. Lakini katika Kiswahili kuzaliwa mara ya pili kumekwisha kutwaliwa na lugha ya wokovu, na ufufuko kumekwisha kutwaliwa na kaburi tupu. Msomaji akikuta maneno hayo hatafikiri Florence, atafikiri Injili.

Mwamko hauna ila hiyo, nao umependwa na wengi. Ila yake ni nyingine, tena ni nzito zaidi. Neno latokana na -amka, na mwenye kuamka hana budi kuwa alikuwa amelala. Je, Ulaya ililala? Vyuo vya Bologna, Paris na Oxford vilikuwa vikifundisha kabla ya mwaka 1250. Huko Toledo, katika karne ya 12, wanazuoni walikuwa wakitafsiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini. Na Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alimsoma Aristotle pamoja na ufafanuzi wa Ibn Rushd wa Cordoba. Usingizi gani huo wenye vyuo, tafsiri na mabishano? Zaidi ya hayo, -amka ni kitenzi kisichotaja mtenda wala mtendewa. Mtu huamka kwa nafsi yake. Kwa neno moja Waarabu waliohifadhi elimu ile, Wayahudi waliosaidia kuifasiri, na Wayunani wa Konstantinopoli waliobeba vitabu kwenda Italia kabla na baada ya mji wao kutekwa mwaka 1453, wote wamefutwa.

Neno lifaalo zaidi ni uhuisho. Latokana na -huisha, kutia uhai, nacho ni kitenzi chenye kudai mtenda na mtendewa. Mwenye kusoma Uhuisho wa Elimu na Sanaa hulazimika kuuliza: nani alihuisha, akahuisha nini, akakipokea kwa nani? Wala neno si geni kwa wasomi wa pwani, kwa kuwa kitabu mashuhuri cha al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, kina jina lenye maana hiyo hiyo, kuhuisha elimu za dini. Yawezekana kusemwa kwamba uhuisho ni neno la kitabuni, na ni kweli. Yawezekana pia kusemwa kwamba Renesansi lingeondoa mabishano yote. Hilo nalo ni kweli, lakini laondoa mabishano kwa kutosema lolote, nalo humwachia mwanafunzi sauti ya kukariri.

Jina la pili ni la mambo yaliyoanza Wittenberg mwaka 1517, Martin Luther alipotoa hoja zake 95. Hapa Kiswahili kimetoa matengenezo, mageuzi, marekebisho, na hata mapinduzi. Mapinduzi yafaa kuachwa: Luther hakuanza kwa nia ya kupindua Kanisa. Mageuzi ni neno lisilosema kama kilichogeuzwa kimekuwa bora au kibaya, na kwa ajili hiyo laonekana la haki. Lakini haki yake ni ya kukwepa, maana wahusika wenyewe walidai kwamba hawageuzi neno, bali wanarudisha Kanisa katika hali yake ya kwanza.

Matengenezo ndilo neno lililozoeleka, hasa miongoni mwa Waprotestanti. Na mhakiki mwepesi angesema mara moja kwamba ni neno la upande mmoja, kwa kuwa kitengenezwacho ni kilichoharibika. Hata hivyo lina sifa mbili. Kwanza, ni la wingi: lasema matendo mengi, ya watu mbalimbali, wala si tendo moja la mtu mmoja. Pili, Wakatoliki nao walikuwa na matengenezo yao, yaliyojadiliwa katika Mtaguso wa Trento kati ya mwaka 1545 na 1563, ambako maaskofu waliamriwa kukaa katika majimbo yao na seminari za mapadre zikaagizwa. Basi na yasemwe Matengenezo ya Kiprotestanti na Matengenezo ya Kikatoliki, na utengano uliofuata uitwe utengano. Kuyaita ya Trento upinzani wa matengenezo, kwa kufuata jina la Kizungu, ni kusema kwamba maaskofu walikutana kwa miaka 18 ili kuzuia kitu kisitengenezwe.

Upande huo huo wa habari wadhihirisha hatari ya neno dogo kuliko yote. Luther alishambulia biashara ya kile ambacho Wakatoliki wa Kiswahili hukiita rehema. Kitabu kikiandika kwamba Luther alipinga rehema, asiye Mkatoliki atashangaa kuona mtawa akipinga huruma ya Mungu. Ili kuepuka hilo, huandikwa vyeti vya msamaha wa dhambi. Lakini mafundisho ya Kanisa yalikuwa kwamba rehema huondoa adhabu za muda, si dhambi yenyewe, ambayo huondolewa kwa toba na kitubio. Wauzaji wengine walilipotosha jambo hilo, na ndipo ugomvi ulipotokea. Mfasiri asemaye vyeti vya msamaha wa dhambi amekwisha kuamua kesi kabla ya mashahidi kusikizwa. Maneno vyeti vya kuondolewa adhabu ni marefu, lakini yawaacha wote wawili waseme.

Jina la tatu lahusu pwani yetu wenyewe. Safari za Columbus na Vasco da Gama huitwa uvumbuzi au ugunduzi. Kuvumbua siku hizi ni kubuni chombo kipya; hivyo mwanafunzi husoma ukurasa mmoja kwamba watu walivumbua mashine, na ukurasa wa pili kwamba Columbus alivumbua Amerika, kana kwamba bara hilo lilitoka karakanani. Gundua ni afadhali kidogo, lakini maana yake ya zamani ni kumfuma mtu ghafula, pasipo yeye kutazamia. Kwa maana hiyo watu wa Guanahani waligunduliwa kweli tarehe 12 Oktoba 1492. Wala si maana waikusudiayo waandishi.

Kwa da Gama neno hilo halina hata udhuru huo. Alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapewa rubani na mfalme wa mji. Akaondoka tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei alikuwa amefika Calicut, kwa muda usiofika mwezi. Aliporudi mwaka ule ule pasipo kungoja pepo, safari ya bahari ile ile ilimchukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye. Tofauti ya safari hizo mbili ndiyo kipimo cha elimu ambayo watu wa Bahari ya Hindi walikuwa nayo naye hakuwa nayo. Kilichokuwa kipya ni kuunganisha njia hiyo na ile ya kuzunguka kusini mwa Afrika, ambako Bartolomeu Dias alikwisha kufika mwaka 1488. Jambo hilo ni kubwa, lakini si kugundua.

Vitabu vya zamani vya shule viliwaita watu hao wapelelezi, na baadaye neno likaonewa haya kwa kuwa lilinuka ujasusi. Yafaa lirudishwe. Kupeleleza ni kutafuta habari za mambo ambayo wengine wanayajua nawe huyajui, na hivyo ndivyo Wareno walivyofanya. Mwaka 1487 mfalme wao alimtuma Pêro da Covilhã kwa siri, akasafiri kwa sura ya mfanyabiashara hadi India, na mwisho akafika Uhabeshi, asirudi tena kwao. Harufu ya ujasusi iliyomo katika neno si ila. Ni sehemu ya habari. Upelelezi wa bahari humweka Mreno mahali pake pa kweli, mtu mwenye kuuliza njia, na humweka rubani wa Malindi mahali pake, mtu mwenye kuijua.

Si lazima Uhuisho, Matengenezo na Upelelezi vikubaliwe vyote. Kamati za istilahi zaweza kupata maneno yaliyo bora. Lililo lazima ni kwamba kila neno lipelekwe kwanza mbele ya kitenzi chake, liulizwe mtenda ni nani, mtendewa ni nani, na kama huyo mtendewa, lau angalikuwapo, angalilikubali. Istilahi ikishaingia katika vitabu vya watoto haiulizwi tena. Watoto wa Malindi watakua wakiandika katika mitihani yao kwamba njia ya babu zao iligunduliwa na mgeni.