Unene wa Fremu na Mkono wa Fundi

Mlango wa alumini wa kukunja ukifungwa sawasawa, kazi iliyomo ndani yake haionekani. Unausukuma kwa vidole viwili, mbawa zinajikunja na kulaliana pembeni, na sebule na baraza vinakuwa chumba kimoja. Mgeni atasifu kioo, atasifu bustani, atampongeza mwenye nyumba kwa kuchagua vizuri. Fundi hatajwi. Nataka kumtaja hapa, na njia ya mkato ya kumfikia ni swali ambalo wengi wanaojenga siku hizi Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hukutana nalo: tuweke fremu ya kawaida au ile nyembamba?

Mara nyingi swali hili huulizwa kama vile ni la urembo tu. Muuzaji anakuonyesha picha mbili kwenye simu, jicho linaikimbilia ile yenye kioo kingi na alumini kidogo, na kinachobaki ni kuulizana kama mfuko utaruhusu. Mafundi waliokaa muda mrefu kwenye kazi hawalipokei hivyo. Wao huanza kwa kuuliza nyumba iko wapi, upepo unatoka upande gani, na juu ya uwazi huo kuna nini.

Mlango wa kukunja wenyewe si mgeni kwetu. Pita kwenye mitaa ya maduka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar utaona milango ya mbao yenye mbawa kadhaa zinazokunjana, mtindo uliokuja na wafanyabiashara wa Kigujarati, ili asubuhi duka lote lifunguke kwa mtaa na jioni lijifunge tena. Kilichobadilika ni mali ghafi. Mbao ngumu ina unene wake na hakuna anayeulalamikia. Alumini, kwa kuwa ina nguvu huku ikiwa na uzito wa karibu theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, imetutia tamaa ya kupunguza, kisha kupunguza tena.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi hununua wasichokihitaji. Chukua uwazi wa mita 3.6. Ukiugawa kwa mbawa nne, kuna sehemu tatu ambapo mbawa hukutana, na kwenye kila sehemu jicho linaona miimo miwili imesimama bega kwa bega. Tuseme miimo hiyo kwa fremu ya kawaida ina upana wa milimita 130, na kwa fremu nyembamba milimita 90. Unaokoa milimita 40 mara tatu, yaani sentimita 12 katika uwazi mzima. Ni kama nusu ya shubiri. Sasa rudi kwenye fremu ya kawaida, lakini ugawe uwazi ule ule kwa mbawa tatu. Sehemu za kukutana zimebaki mbili, jumla milimita 260, wakati zile mbawa nne nyembamba zinakula milimita 270. Umepata kioo kingi zaidi kwa fremu ya kawaida, na pia umepata faida ya namba witiri: mbawa tatu zikikunjwa upande mmoja, ile ya mwisho hubaki huru, ikifunguka kama mlango wa kila siku bila kukunja zote.

Hilo halina maana kwamba mbawa tatu ni jibu la kila nyumba. Mita moja ya mraba ya kioo ina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Ubawa wenye upana wa mita 0.9 na urefu wa mita 2.4, wenye kioo cha milimita 8, umebeba kilo 43 za kioo peke yake. Upanue hadi mita 1.2, kioo hicho kinafika karibu kilo 58, na zote zinaning'inia kwenye bawaba na magurudumu. Fremu ya kawaida yenye bawaba nzito huumudu mzigo huo. Kwa nyembamba, usome kwanza kipimo cha mtengenezaji kabla hujaahidi lolote, na ukikuta umepita, upunguze ubawa.

Kuna jambo jingine ambalo picha ya simu haiwezi kuonyesha: kina cha fremu, yaani kipimo chake kutoka upande wa ndani kwenda nje. Upepo unapousukuma mlango, mwimo wa alumini hupinda kuelekea ndani, na kinachozuia kupinda huko ni kina zaidi kuliko upana unaouona ukisimama mbele. Alumini hupinda karibu mara tatu kirahisi kuliko chuma cha pua au cha nondo chenye umbo lile lile, kwa hiyo umbo ndilo linaloiokoa. Fremu nyembamba iliyobuniwa kwa akili huwa nyembamba kwa mbele tu. Kina kimebaki, na kuta zake za ndani ni nene. Fremu nyembamba ya ujanja imepunguzwa kila upande. Zote mbili zinaitwa jina moja dukani. Fundi mzuri hachukui profaili, yaani ule mti mrefu wa alumini unaokatwa kuwa fremu, kwa kuitazama tu. Anaangalia ncha iliyokatwa, anapima unene wa ukuta wake kwa kalipa, anaunyanyua urefu mzima wa mita 5.8, ule unaoingia kwenye kontena la futi 20, na mkono wake unajua kabla kalipa haijasema.

Sasa tuingie karakanani, kwenye pembe. Ubawa una pembe nne, na kila pembe ni profaili mbili zilizokatwa nyuzi 45 zikakutana. Mikato ni minane. Msumeno ukiwa umekosea robo ya nyuzi moja tu, kosa ambalo hulioni ukiangalia kipande kimoja, mikato yote minane inajumlisha nyuzi mbili, na nyuzi mbili kwenye pembe ya mwisho ni mwanya unaoingiza ukucha. Ndiyo maana fundi ninayempenda hakati profaili ya mteja asubuhi kabla ya kukata vipande vinne vifupi vya mabaki, akavipanga mezani kuwa mraba mdogo, akaukandamiza kwa viganja na kuuinua kwenye mwanga wa mlangoni. Mwanga ukipenya popote, anarudi kurekebisha msumeno. Hakuna mteja anayeuona mraba huo, na haumo kwenye bei.

Mikato ikikubali, kinafuata kipande cha alumini kinachoingia ndani ya pembe kuzishika profaili mbili, kikipakwa gundi, kisha profaili inabanwa kwa mashine hadi imeng'ata. Katika fremu ya kawaida kipande hicho ni kinene na kina sehemu pana ya kushikia. Katika fremu nyembamba nafasi ya ndani ni ndogo, hivyo na kipande ni kidogo, na gundi iliyokuwa msaada sasa inabeba kazi kubwa. Pembe iliyokosa gundi ya kutosha kwenye fremu nene inaweza kuvumilia miaka. Kwenye nyembamba italegea mapema, na maji ya mvua yatakuwa ya kwanza kuligundua hilo. Kisha fundi anapima ulalo: kona hadi kona, kisha kona nyingine hadi kona nyingine. Ubawa wa mita 0.9 kwa 2.4 una ulalo wa milimita 2,563, na vipimo vyote viwili lazima vilingane. Wenye haraka hupima upana na urefu, wakaridhika. Lakini upana na urefu vinaweza kuwa sahihi kabisa huku ubawa umelala upande.

Kazi ninayoistaajabia kuliko zote ni kukipanga kioo. Mtu wa nje hudhani kioo kinakaa tu ndani ya fremu, kinabanwa na raba, basi. Kumbe kioo ndicho kinachoishikilia fremu isilale. Fundi anakiweka kioo juu ya vipande vidogo vya plastiki, na mahali pa vipande hivyo ndipo pana elimu yote: kimoja chini kwenye kona ya upande wa bawaba, kingine juu kwenye kona iliyo mkabala, upande wa kitasa. Uzito wa ubawa unaotaka kuanguka upande wa kitasa unapita kwenye kioo kwa mshazari na kutua kwenye bawaba, kama ule ubao wa mshazari unaopigiliwa nyuma ya geti la mbao ili lisiburuze chini. Fundi anaingiza kipande, anaufunga ubawa, anautazama mwanya wa juu, anaufungua ubawa, anabadilisha kipande cha milimita 3 kwa cha milimita 4, anaufunga tena. Kidole gumba kinapita kwenye mwanya kutoka mwanzo hadi mwisho. Ubawa unapanda kwa upana wa kucha, na ghafla komeo linaingia bila kusukumwa.

Kazi hiyo hiyo kwenye fremu nyembamba inataka subira maradufu. Kioo kimeingia kina kifupi ndani ya fremu, raba ni nyembamba, nafasi ya kusogeza ni ndogo. Milimita iliyoondolewa kwa ajili ya macho imeondolewa pia kwenye ile nafasi ya kusameheana kati ya kioo, fremu na ukuta. Na kioo cha tempa hakikatwi tena baada ya kupitia tanuru; kama kipimo kilikosewa kwa milimita 5, kinaagizwa kingine. Kwa hiyo kipimo kinachukuliwa baada ya lipu kukamilika, juu, katikati na chini, kushoto na kulia, na kinachotumika ni kile kidogo.

Nyumba nayo ina mambo yake. Mlango unaoning'inia kwenye reli ya juu unahitaji linta isiyolegea, kwa sababu zege huendelea kushuka kidogo kidogo kwa miaka chini ya mzigo, na mbawa zikikosa nafasi juu zitakwama. Mlango unaobebwa na reli ya chini hauidai linta sana, ila mchanga wa ufukweni huingia kwenye reli na kula magurudumu. Alumini yenyewe hutanuka: fremu ya mita 3.6 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, kama ya rangi nyeusi iliyopigwa na jua la mchana, inaongezeka karibu milimita 2.5. Lazima kuwe na mahali pa kuzipokea. Pwani kuna chumvi, ambayo huanzia kwenye ncha zilizokatwa, pale rangi haipo, na kwenye skrubu. Fundi wa pwani anazipaka ncha hizo kabla hajaunga, anatumia skrubu za chuma cha pua daraja la 316, na anaifunika fremu kwa nailoni mafundi wa lipu wakiwa bado kazini, kwa sababu saruji mbichi huila alumini na madoa yake hayatoki.

Baada ya yote hayo, uamuzi wangu ni huu. Kwa nyumba nyingi za pwani, fremu ya kawaida ndiyo inayofaa. Mchana mlango uko wazi, mbawa zimekunjwa pembeni na wembamba wa fremu hauonekani. Usiku pazia limeshushwa. Ukinunua wembamba hapo, umelipia kitu utakachokiona saa chache sana, tena mahali ambapo upepo wa kaskazi na chumvi vinadai nguvu. Fedha hiyo ni bora iende kwenye bawaba na magurudumu mazuri, ambavyo utavigusa kila siku.

Fremu nyembamba ina nyumba zake. Ni zile za nyanda za juu, Njombe, Mbeya, Limuru, pembeni mwa Arusha, ambako baridi huufanya mlango ukae umefungwa mchana kutwa na watu wanaitazama milima kupitia kioo. Hapo kila sentimita ya fremu iko mbele ya macho kuanzia chai ya asubuhi hadi jioni, na kuipunguza ni faida ya kweli. Pia ni zile zenye chumba cha kiyoyozi kinachotazama bahari, mradi mbawa ziwe za upana wa wastani na profaili iwe na kina chake. Katika nyumba hizo ningeichagua bila kusita, kwa sharti moja: apewe fundi muda. Fremu nyembamba iliyofungwa kwa haraka ni mbaya kuliko nene iliyofungwa kwa haraka, kwa sababu haina pa kuficha kosa.

Kwa hiyo ukishazitazama picha zote, mwombe fundi akupeleke kwenye mlango alioufunga miaka mitatu au minne iliyopita, si ule wa wiki jana. Usukume. Tazama mwanya wa juu kama uko sawa kutoka bawaba hadi kitasa, chungulia pembe, pitisha kidole kwenye reli. Umuulize mwenye nyumba kama maji huingia masika. Ukiridhika, lipa bei anayoitaja na umwachie asubuhi yake ya kukata mabaki.