Uwezo wa maneno na umri: utafiti wa Seattle unatufaa, lakini tuufungue kwanza

Bila shaka umewahi kuiona ile chati. Mstari unapanda hadi miaka ishirini na kitu, unatulia kidogo, kisha unateremka taratibu mpaka uzeeni. Maelezo yake yanasema akili hufika kileleni ujanani, na baada ya hapo ni kuhesabu hasara tu. Kabla hujairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili umtanie mjomba, hebu tuulize kwanza: ilichorwaje?

Aliyeliuliza swali hilo kwa ukaidi kuliko wengi ni K. Warner Schaie, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1956, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Washington, aliwapima watu wazima 500 waliokuwa wanachama wa ushirika wa afya mjini Seattle. Kila baada ya miaka saba aliwarudia wale aliowapata, na akaongeza watu wapya. Kazi hiyo ikaenda kwa karibu nusu karne kabla hajaikusanya katika kitabu cha mwaka 2005, Developmental Influences on Adult Intelligence. Sisi wengine hapa tunahangaika na tasnifu ya miaka mitatu.

Nikwambie mapema ninakosimama. Utafiti wa Seattle umetusahihishia kosa kubwa, na kwa hilo unastahili heshima. Lakini kile kinachoitwa humo uwezo wa maneno ni kidogo kuliko jina lake. Tukiukopa mstari wake huku kwetu bila kuangalia kilichomo ndani, watakaoumia ni wazee wetu.

Kosa lililosahihishwa

Njia rahisi ya kuchora chati ya umri ni kuchukua watu wa miaka 25, 45 na 70 siku moja, kuwapa mtihani mmoja na kulinganisha alama. Mtego wake ni kwamba yule wa miaka 70 si yule wa 25 aliyezeeka. Ni mtu mwingine kabisa, aliyezaliwa zama nyingine, akasoma shule nyingine au asisome kabisa. Njia ya pili ni ngumu: unamfuata mtu yuleyule miaka nenda, miaka rudi.

Schaie alizitumia zote mbili kwa pamoja, na picha zikakataa kufanana. Ulinganisho wa siku moja ulionyesha mteremko unaoanzia ujanani. Kuwafuata watu walewale kulionyesha kwamba uwezo mwingi, ukiwemo ule wa maana za maneno, uliendelea kupanda au kutulia hadi utu uzima wa kati, na kushuka kwa maana kukaja baada ya miaka 60 hivi. Tena hata hapo watu hawakushuka pamoja. Kuna waliobaki palepale muda mrefu baada ya wenzao.

Kwa Afrika Mashariki hili si jambo la vitabuni tu. Tanzania ilianza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977. Kenya ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003. Sasa mchukue bibi aliyezaliwa 1945 na mjukuu aliyezaliwa 2000, wape mtihani mmoja wa msamiati ulioandikwa. Pengo utakaloliona ni la umri au la shule? Mtihani huo peke yake hauwezi kukujibu. Ukiliita kuzeeka kwa ubongo, umemsingizia bibi.

Waliobaki ni akina nani?

Sifa hizo zisitufumbe macho. Miaka saba ni mingi: wengine hufa, wengine huugua, wengine huhama au huchoka tu kupimwa. Wanaorudi huwa ni wale wenye afya na waliokuwa na alama nzuri tangu mwanzo. Kwa hiyo mstari unaochorwa kwa waliobaki unaweza kupendeza kuliko hali halisi. Halafu mtu anayefanya mtihani uleule mara ya pili ameshauzoea.

Timothy Salthouse wa Chuo Kikuu cha Virginia aliibana hoja hiyo mwaka 2009. Alisema mazoea ya kurudia mtihani yanaweza kuficha mteremko, na kwamba baadhi ya uwezo huanza kushuka katika miaka ya 20 na 30. Kusema kweli, Schaie hakuwa amelala. Wale watu wapya aliowaongeza kila awamu walimsaidia kupima mchango wa mazoea na wa kuondoka kwa wengine. Mimi nawagawia hivi: kwenye kasi na kumbukumbu, hoja za Salthouse ni nzito. Kwenye maneno, hata takwimu zake mwenyewe zinaonyesha maarifa ya msamiati yakiongezeka angalau hadi miaka 60. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema sayansi imethibitisha lugha hufifia baada ya ujana, jua hana wa kumtetea katika hao wawili.

Mtihani wenyewe ulikuwa upi?

Malalamiko yangu makubwa yako hapa. Schaie alianza na vipimo vilivyotungwa na Louis Thurstone. Kipimo cha maana za maneno kinakupa neno moja, nawe unachagua lenye maana sawa kati ya machache yaliyoorodheshwa, huku saa inakwenda. Kipimo cha wepesi wa maneno kinakutaka utoe maneno mengi uwezavyo ndani ya dakika tano kwa kufuata herufi. Basi.

La kwanza ni ile saa. Mzee anayelijua kila neno kwenye karatasi, lakini macho na mkono vimepungua mwendo, atapata alama ndogo. Schaie mwenyewe aliliona tatizo hilo, na kuanzia awamu ya 1984 akaongeza vipimo vingine vya msamiati. Nampongeza. Ila mfululizo mrefu kuliko yote, ule unaoanzia 1956, unabaki kuwa wa mtihani wenye saa.

La pili ni kilichoachwa nje. Katika vipimo hivyo hakuna anayeombwa kusimulia, kusuluhisha ndugu waliogombana, au kujua ni neno gani lisisemwe msibani. Tunasema penye wazee haliharibiki neno. Hilo neno la kwenye methali si kipande cha msamiati, ni shauri, ni jambo zima lililo mbele ya watu. Uwezo wa kulishughulikia ni uwezo wa maneno pia, na unaweza kuwa ndio unaokua kwa muda mrefu zaidi. Seattle haiwezi kutuambia kama ni hivyo, kwa sababu haikuupima.

Ukiona nazidisha, angalia utafiti wa Robert Sternberg na wenzake uliochapishwa mwaka 2001, uliofanyika Usenge, karibu na Kisumu. Waliwapima watoto wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wa dawa za miti shamba, kisha wakawapa vipimo vya mtindo wa shule, ukiwemo msamiati wa Kiingereza. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama ndogo kwenye msamiati huo. Mtihani wa maneno unaweza basi kupima ni wapi mtu alitumia muda wake.

La tatu linahusu Kiswahili chenyewe. Vipimo vya kutaja maneno kwa herufi hutumika pia kliniki, wazee wanapochunguzwa kama wana dalili za ugonjwa wa kusahau. Sasa jaribu mwenyewe: taja maneno yanayoanza na M. Mtu, mti, mlango, mkate. Ukiishiwa, chukua kitenzi chochote ukitengenezee mtu wake: soma, msomaji, pika, mpishi, lima, mkulima. Hufiki mwisho. Kwa K ndiyo usiseme, maana kitenzi kikitajwa kwa ku- tayari kimo: kula, kulala, kucheka. Nenda kwenye S, ule mlango wa viambishi umefungwa. Unabaki kuokota sahani, sabuni, samaki na sukari mojamoja. Kipimo kilichotungwa kwa Kiingereza hakiwezi kubadilishwa herufi tu kikaitwa cha Kiswahili. Na mzee ambaye hakuenda shule hana sababu ya kupanga maneno kichwani kwa herufi ya kwanza. Mwulize mvuvi wa Pemba herufi S, atakutazama. Mwulize samaki, atakupa changu, tasi, nguru, chewa, kolekole na pono, na wewe ndiye utakayechoka kuandika.

Kwa hiyo tukitupe kitabu?

Hapana. Ukikipata maktabani, kisome, hasa sehemu za mbinu. Majedwali ni mengi na yanachosha, lakini hutatazama tena chati ya umri kwa macho yaleyale. Soma pia habari za mafunzo ambayo Schaie na Sherry Willis waliwapa wazee na kuripoti mwaka 1986. Baada ya saa tano tu za mazoezi ya kufikiri kwa mantiki au ya kuona maumbo kichwani, karibu theluthi mbili waliboreka, na takriban asilimia 40 ya waliokuwa wameshuka walirudi walipokuwa miaka 14 nyuma. Hayakuwa mazoezi ya maneno, lakini yanatosha kutufanya tusiiamini alama ya siku moja kama hukumu.

Ukikutana tena na ile chati, uliza mambo matatu. Walifuatwa watu walewale au walipimwa siku moja? Saa ilikuwa inakwenda? Na maneno yaliyopimwa ni ya lugha gani, ya shule ya nani? Uulize hivyohivyo siku utakayompeleka mzee wako kupimwa, kabla hujakubali kuambiwa kwamba maneno yamemwishia.