Ngumi Nzito na Ngumi Kali: Juu ya Istilahi za Mabishano ya Masumbwi

Miongoni mwa mabishano yasiyokwisha katika vijiwe vya kahawa na vibanda vya vinyozi, mojawapo ni hili: kati ya mabondia wa uzito wa juu, wa zamani na wa sasa, ni nani aliyekuwa na ngumi nzito kuliko wote? Wazee humtaja Joe Louis na Rocky Marciano. Waliowafuatia humtaja Sonny Liston, George Foreman au Earnie Shavers. Watu wa rika langu, ambao mapambano hayo tumeyaona katika kanda tu, humshikilia Mike Tyson. Na vijana wa leo hawataki kusikia jina jingine isipokuwa Deontay Wilder. Makala haya hayakusudii kuyamaliza mabishano hayo. Yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mabishano hayo si ya masumbwi hata kidogo, bali ni ya maneno, na kwamba sisi tunaoshughulika na istilahi tuna lawama yetu ndani yake.

Jambo hili lilinijia kwa njia ya kazi. Katika kupitia rasimu ya orodha ya istilahi za michezo, kikundi chetu kilifika kwenye dhana ya uwezo wa bondia wa kumwangusha au kumdhuru mpinzani kwa pigo. Rasimu ilikuwa imeandika "nguvu ya ngumi", na kando yake, kama kisawe, "uzito wa ngumi". Nilipinga. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, aliniambia: "Ndugu yangu, watu wanaelewana. Tusiwatafutie taabu." Istilahi zikapita. Ninaandika kwa sababu orodha haijapelekwa kwa mpiga chapa, na kwa sababu naamini kwamba katika jambo hili watu hawaelewani.

Tuanze na ushahidi unaotolewa mara nyingi zaidi, yaani hesabu ya nokauti. Marciano alishinda mapambano 49 bila kushindwa hata moja, na 43 kati ya hayo yalikuwa kwa nokauti. Foreman alishinda 76, na 68 yalikuwa kwa nokauti. Wilder, alipopanda ulingoni kukutana na Tyson Fury kwa mara ya kwanza Desemba 2018, alikuwa ameshinda 40, na 39 kati ya hayo kwa nokauti. Kwa hesabu ya namna hii Wilder hana wa kumfikia, naye Joe Louis, mwenye ushindi 66 na nokauti 52, anaonekana kuwa mtu wa wastani. Lakini aliyeiona filamu ya pambano la pili la Louis na Max Schmeling, la tarehe 22 Juni 1938, ambalo lilikwisha kwa sekunde 124, hawezi kuikubali hesabu hiyo. Basi hitilafu iko wapi?

Iko katika neno lenyewe. "Nokauti", kama linavyotumika katika magazeti yetu na katika maongezi, limebeba mambo matatu yaliyo mbalimbali. Mjini Kingston, Jamaika, tarehe 22 Januari 1973, Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Frazier aliinuka kila mara. Mwamuzi ndiye aliyelisimamisha pambano. Mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Foreman huyo huyo aliangushwa na Muhammad Ali katika raundi ya nane, akahesabiwa, na hesabu ikamkuta akiwa katika kuinuka. Hakuwa amezimia, alikuwa amechoka, baada ya kuzimwaga ngumi zake kwa raundi saba juu ya mikono na mbavu za mtu aliyeegemea kamba. Na mjini New York, Januari 2016, Wilder alimpiga Artur Szpilka ngumi ya mkono wa kulia katika raundi ya tisa, naye Szpilka akalala bila fahamu, akatolewa kwa machela. Mmoja alisimamishiwa pambano akiwa wima, wa pili alishindwa na hesabu akiwa na akili zake, wa tatu alipoteza fahamu. Katika mazungumzo yetu wote watatu "walipigwa nokauti", na kila tukio linahesabiwa kuwa moja. Mtu anayetumia jumla hiyo kupima ngumi ni sawa na anayejumlisha vibaba, pishi na magunia, kisha akasema amepata idadi ya mahindi.

Zaidi ya hayo, hesabu haimsemi anayepigwa. Katika raundi ya 12 ya pambano lile la Desemba 2018, Wilder alimpiga Fury ngumi mbili, kulia kisha kushoto, akaanguka chali kama mtu aliyekwisha. Fury akainuka, na pambano likaamuliwa kuwa sare. Shavers naye, mnamo Septemba 1979, alimwangusha Larry Holmes katika raundi ya saba kwa ngumi ambayo wengi huikumbuka kuliko ushindi wake mwingine wowote. Holmes aliinuka na kushinda katika raundi ya 11. Ngumi hizo mbili hazimo katika hesabu ya nokauti ya mtu yeyote. Je, hazikuwa nzito?

Hapa tunafika kwenye kivumishi, na hapa ndipo penye utajiri tunaouacha ukipotea. Wapenzi wa masumbwi husema "ngumi nzito" na husema pia "ngumi kali", na ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba wakongwe wao hawayachanganyi. Nzito ni kama mzigo au kama jiwe la kusagia: humsukuma mtu, humtingisha mwili mzima, hata akikinga kwa mkono huuhisi mkono wenyewe umekufa ganzi. Kali ni kama kisu au pilipili: haihitaji kusukuma, hufika kabla mtu hajaiona, na madhara yake hutokea papo hapo. Foreman alikuwa na ngumi nzito. Tazama jinsi alivyomwinua Frazier kutoka sakafuni kwa ngumi ya kutokea chini. Tazama tena, miaka zaidi ya 20 baadaye, tarehe 5 Novemba 1994, alivyomwangusha Michael Moorer katika raundi ya kumi. Alikuwa na umri wa miaka 45, mwendo wake umekuwa wa mzee, na mkono wa kulia uliomaliza kazi ulisafiri safari fupi bila haraka kubwa. Louis na Wilder ni watu wa ngumi kali, ingawa hawafanani katika kitu kingine: Louis alikuwa na mapigo mafupi yaliyonyooka kama uzi, Wilder huuzungusha mkono kutoka mbali kama mtu anayetupa mundu. Tyson, kwa maoni yangu, alikuwa nazo zote mbili, na labda ndiyo maana kila upande humdai kuwa wake. Michael Spinks alikutana nazo Juni 1988 kwa sekunde 91 tu.

Rasimu yetu inayafuta haya yote. Ikisema "uzito wa ngumi" ni kisawe cha "nguvu ya ngumi", mwandishi wa michezo atakayeifuata hatakuwa na njia ya kusema kwamba ya Foreman ilikuwa nzito na ya Louis ilikuwa kali. Atasema wote wawili walikuwa na nguvu, jambo ambalo halikuhitaji istilahi.

Hasara kama hiyo imekwisha tokea katika vitenzi. Kutwanga ni kazi ya mchi na kinu: pigo juu ya pigo, mahali pamoja, mpaka nafaka iachane na wishwa zake. Hicho ndicho kitenzi kinachomfaa Marciano katika pambano lake la pili na Roland LaStarza, mwaka 1953, alipompiga mikono, mabega na mbavu mpaka mwamuzi akalisimamisha katika raundi ya 11. Kubwaga ni kuutupa chini mzigo kwa mara moja. Nacho kinaifaa ngumi ya Marciano huyo huyo iliyomwangusha Jersey Joe Walcott katika raundi ya 13, Septemba 1952, alipokuwa nyuma kwa pointi. Kuchapa ni kwa fimbo, na alama hubaki juu ya ngozi. Leo vichwa vya habari hutumia "amtwanga" kwa ngumi moja, kwa ushindi wa pointi, na hata kwa timu ya kandanda iliyofunga bao moja kwa penalti. Sisemi wahariri wafungwe midomo. Nasema lugha ilikuwa na kipimo mkononi, nasi tumekitumia kuchokolea moto.

Neno "uzito" lina kosa jingine ambalo nitaligusa kwa ufupi. Ukiliweka jirani na "bondia wa uzito wa juu", msikilizaji hudhani kwamba mwili mzito ndio ngumi nzito. Lakini jina hilo la daraja halijasimama mahali pamoja. Wakati wa Marciano daraja la uzito wa juu lilianzia juu kidogo ya kilo 79, naye alipomshinda Walcott alikuwa na kilo 83 na ushei. Daraja la kruza liliingizwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu mwaka 2003 mpaka wake ni kilo 90.7, mwaka 2020 shirika mojawapo la masumbwi ya kulipwa likaongeza tena daraja la kati, hadi kilo 101.6. Kwa mizani ya shirika hilo Marciano leo asingekuwa bondia wa uzito wa juu, na Wilder wa Desemba 2018, aliyekuwa na kilo 96, asingekuwa pia. Anayewalinganisha watu wa zamani na wa sasa chini ya jina moja la daraja aseme kwanza ni jina la mwaka gani.

Baki "nguvu". Walimu wa fizikia wamekwisha tufanyia kazi kubwa hapa: wana kani, wana nishati, wana tungamo na mchapuko, kila moja na kazi yake. Mwaka 1985 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha vipimo vya ngumi ya Frank Bruno. Ngumi ilifika kwenye kipimo kwa mwendo wa mita 8.9 kwa sekunde, na kani yake ya kilele ilikuwa newtoni 4,096. Hiyo ni kani. Haituambii kama ngumi ilikuwa nzito au kali, wala haikumzuia Tyson kumshinda Bruno katika raundi ya tano, Februari 1989. Inatuambia kitu kimoja kwa uhakika, na neno la kukitaja lipo. Kuiita "nguvu" ni kurudi nyuma ya kitabu cha mwanafunzi wa sekondari. Aidha, kocha akisoma "nguvu ya ngumi" katika mwongozo atamwelekeza kijana kwenye vyuma vya kunyanyua, hali ngumi huanzia kwenye nyayo, ikapitia nyonga na bega, na mkono ni mjumbe wa mwisho tu.

(Ali alipata kusema kwamba Shavers, katika pambano lao la Septemba 1977, alimpiga mpaka jamaa zake wa Afrika wakatikisika. Kipimo hiki sikuona rasimu yoyote ikikitaja, nacho ndicho pekee kinachotuhusu sisi moja kwa moja.)

Huenda msomaji akaniuliza: yote haya ni kwa ajili ya kijiwe cha kahawa? La. Katika masumbwi ya ridhaa, muda ambao bondia hulazimika kupumzika baada ya kuangushwa hutegemea kama alipoteza fahamu, na kwa muda gani. Nimewahi kuonyeshwa daftari la klabu moja ambamo dhidi ya jina la kijana kulikuwa kumeandikwa "KO" mara tatu katika miezi michache, bila neno jingine. Niliuliza kama alizimia. Aliyelitunza daftari alijibu kwa uaminifu kwamba hakumbuki. Daktari atakayelisoma hataweza kujua kama mbele yake yupo kijana aliyechoka akakubali kuhesabiwa, au mtu ambaye ubongo wake umetikiswa mara tatu. Neno moja lililovaa maana tatu limekaa pale kama pazia.

Kwa hiyo napendekeza hivi. "Nokauti" ibaki kama jina la jumla, kwani imekwisha zoeleka, lakini chini yake pawe na istilahi tatu za lazima katika kumbukumbu: kusimamishiwa, kuhesabiwa na kuzimia. Ziko katika lugha tayari, hazihitaji kuazimwa kokote. "Kani ya ngumi" itumike pale tu palipo na chombo cha kupimia na tarakimu. "Ngumi nzito" na "ngumi kali" ziingizwe kama vidahizo viwili vyenye fasili mbili, na mfano mmoja mmoja wa matumizi. Kwa uwiano wa ushindi wa nokauti kwa ushindi wote, ambao ndio hasa watu hukusudia wanapotaja tarakimu za Wilder, napendekeza "kiwango cha uangushaji". Sina mapenzi makubwa na jina hilo, na msomaji mwenye bora zaidi aniandikie. "Nguvu ya ngumi" iondolewe.

Mwalimu wangu mstaafu amekwisha niambia kwamba atapinga "kusimamishiwa" kwa kuwa ni ndefu kwa mtangazaji. Ana haki. Kikao kijacho kitaamua, nami nitakwenda na nakala ya ukurasa ule wa daftari, jina la kijana likiwa limefunikwa.