Papa wa Mzee Santiago: Juu ya Kupima Ufahamu na Msamiati

Kupima ufahamu wa msomaji ni kazi ya siku nyingi katika madarasa yetu, na aghalabu hufanywa kwa njia moja. Kifungu husomwa, maneno magumu huandikwa ubaoni, mwanafunzi hutakiwa kutoa maana ya kila neno, kisha huulizwa maswali matano ambayo majibu yake yaweza kunakiliwa kutoka katika kifungu hicho hicho. Akipata manne, husemwa kwamba ameelewa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa njia hiyo hupima kumbukumbu, wala haipimi ufahamu. Neno asilolijua msomaji humsimamisha, naye akauliza. Neno linalompoteza ni lile analodhani kuwa analijua.

Mfano tutakaoutumia ni riwaya fupi ya Mmarekani Ernest Hemingway, The Old Man and the Sea, yaani Mzee na Bahari. Ilitolewa mwaka 1952, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1953, na mwaka 1954 mwandishi wake akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kisa chake chafahamika. Santiago, mvuvi mkongwe wa Cuba, amekaa siku 84 bila kupata samaki. Siku ya 85 anakwenda mbali peke yake, ananasa nduaro mwenye urefu wa futi 18, anapambana naye hadi siku ya tatu, anamwua, kisha papa wanamla samaki huyo njiani. Mzee anarudi na mifupa. Lugha yake ni nyepesi, sentensi zake ni fupi, wala haikugawanywa katika sura. Kwa hiyo walimu wengi huiona kuwa inafaa kwa wanaojifunza. Hapo ndipo penye mtego.

Msomaji tutakayemfikiria ni kijana wa Kizuka, upande wa Rumonge, katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Huko Kiswahili kilikuja kwa biashara na uvuvi, kikapata nguvu kutoka ng'ambo ya Kongo na kutoka kwa waliorejea toka Tanzania. Na tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 kimezidi kuhitajiwa. Kijana huyu anaujua mtumbwi, ndoana na wavu. Amewaona mukeke na ndagala wakianikwa na kuuzwa. Mwalimu wake anaweza kudhani kwamba kitabu cha mvuvi hakitamshinda. Tutazame.

Tuanze na neno papa. Kwa mtu wa Mombasa au Unguja neno hili halina tatizo, kwani papa humwona sokoni. Katika Ziwa Tanganyika hakuna papa. Masikioni mwa kijana wa Rumonge, aliyezungukwa na Kifaransa na Kiswahili cha Kongo, papa ni baba, au ni Baba Mtakatifu wa Roma. Bila shaka mwalimu atamweleza kwamba huyu ni samaki mkali wa baharini, naye atajibu vyema katika mtihani. Neno hili ni geni kwake waziwazi, kwa hiyo halina hatari kubwa. Hata nduaro hana hatari. Jina lake laweza kujifunzwa kwa dakika moja.

Sasa tuchukue neno maji. Hakuna mwalimu atakayeliandika ubaoni miongoni mwa maneno magumu. Lakini katika riwaya hii mzee ana chupa moja tu ya maji mashuani, naye huyanywa kwa kuyapima. Mtoto aliyekulia kando ya Tanganyika anajua kwamba mvuvi akishikwa na kiu huinama akateka ziwani. Maji ya ziwa ni baridi, hayana chumvi. Basi anaposoma habari ya chupa ile, hutafsiri kila neno sawasawa, lakini kiu ya mzee haioni. Baadaye mzee anakula nyama mbichi ya samaki bila chumvi, akajilaumu kwamba angekuwa na akili angalirusha maji juu ya omo ya mashua mchana kutwa, yakauke, apate chumvi. Kwa msomaji wa Kizuka maneno hayo ni fumbo tupu: maji hukaukaje yakawa chumvi? Wala hataliuliza, maana hakuna neno ndani yake asilolijua. Mwalimu asipoliuliza yeye, dhana ya kuelewa itapita salama hadi ukurasa wa mwisho.

Neno la tatu ni pima. Mzee ameshusha mishipi yake kwa vina mbalimbali, na samaki mkubwa anakula chambo kilicho kwenye kina cha pima 100, karibu mita 183. Pima ni kipimo chetu cha kale, urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Mwanafunzi wa leo hulijua neno hili kama kitenzi, naye akilikuta mbele ya tarakimu hulisoma kama amri. Tena uvuvi anaoujua yeye zaidi ni ule wa usiku wa giza, mitumbwi imefungwa pamoja, taa zinawaka, watu kadhaa wanainua wavu mmoja wenye dagaa. Neno kuvua linamletea picha ya kundi la watu. Asipoelezwa kuwa mzee huyu avua kwa mshipi, mchana, peke yake, hatahisi uzito wa maombi yake ya mara kwa mara kwamba laiti yule kijana Manolin angekuwapo.

La nne ni gumu zaidi, nalo linahusu sarufi. Hemingway anasimulia kwamba mzee huitaja bahari kwa jinsia ya kike, kama wafanyavyo Wahispania waipendao, hali vijana wenye mashua za mota huitaja kwa jinsia ya kiume, kama mshindani au adui. Kiswahili hakina jinsia hizo katika ngeli zake. Bahari ni bahari, haina uke wala uume. Kijana wetu anajua Kifaransa, na katika Kifaransa bahari ni ya kike daima, apende asipende msemaji. Ujuzi huo badala ya kumsaidia unampoteza: hudhani mzee anafuata kanuni tu, kumbe mzee amechagua. Mwalimu wa Kiswahili ana njia ya kumfikisha. Na amwulize: Je, wavuvi wa kwenu hulisemaje ziwa, kama mlezi au kama hasimu? Wazee husemaje, na wenye injini husemaje? Swali hilo halimo katika kamusi yoyote, nalo humfungulia ukurasa mzima.

Huenda ikasemwa kwamba msomaji wa ziwani basi aandaliwe orodha ndefu zaidi ya msamiati kabla ya kusoma. La hasha. Mwandishi mwenyewe ametuonyesha njia iliyo bora. Mwanzoni kabisa analeta neno la Kihispania, salao, na papo hapo analifafanua kwa maneno mepesi kuwa ni ubaya wa bahati uliopita kiasi. Sisi tungesema nuksi au kisirani. Mwalimu anayeliandika ubaoni mapema amemnyang'anya mwanafunzi furaha ya kulipata kitabuni, na amemzoesha kungoja kutafuniwa.

Kisha tuyatazame mambo yaliyo mwishoni mwa kitabu. Watalii wameketi mkahawani. Mwanamke mmoja anaona majini uti mrefu mweupe wenye mkia mkubwa, anamwuliza mhudumu ni kitu gani. Mhudumu anataka kueleza yaliyotokea, anataja neno papa kwa Kihispania, kisha kwa Kiingereza kibovu. Mwanamke anastaajabu kwamba papa ana mkia mzuri namna ile. Tuone vizuri: neno alilopewa ni sahihi. Maana yake anaijua. Angeulizwa katika mtihani papa ni nini, angepata alama zote. Walakini hakuelewa lolote, kwa kuwa mifupa ile ni ya nduaro, na papa ndio waliomla. Siku tatu za mateso ya mzee zimepita mbele ya macho yake kama takataka za pwani. Ninaliona tukio hilo kuwa hukumu kali kuliko zote juu ya mitihani yetu ya msamiati.

Najua shida iliyopo. Mwalimu mwenye darasa kubwa na nakala chache hawezi kumsikiliza kila mmoja akisimulia. Orodha ya maneno husahihishwa upesi. Lakini si lazima maswali yawe mengi. Kwa kila kipindi cha kusoma latosha swali moja lililolengwa mahali ambapo maneno yote ni mepesi na jambo lenyewe ni geni. Kwa nini mzee hakuteka maji ya kunywa ubavuni mwa mashua? Nani ana mkia ule? Mwanafunzi na ajibu kwa sentensi mbili, kwa Kiswahili chake, hata kama ndani yake mna ndagala badala ya dagaa. Jibu hilo litamwonyesha mwalimu kwa nusu dakika yale ambayo orodha ya maneno 20 humficha.

Faida ya pili ni heshima. Kamusi zetu kwa sehemu kubwa zimelelewa pwani ya bahari, na mtoto wa ziwani akipimwa kwa omo, chusa na nduaro, hujiona mgeni katika lugha aliyozaliwa nayo. Akiulizwa tofauti iliyopo kati ya maji yake na maji ya Santiago, huwa shahidi mwenye jambo la kusema, hata darasa la Mombasa lingependa kumsikia. Ndugu walimu, tuwaulize wanafunzi wetu mkia ule ni wa nani, ili wasitoke kitabuni kama alivyotoka mkahawani yule mtalii.