Mkate Usiokandwa

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyogawa mikate ya nyumbani katika koo mbili, kukanda na kumimina, na mgawanyo huo una uzito mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Mkate wa kukanda ni ule ambao unga wake, mara nyingi wa ngano, hutiwa maji, ukabonyezwa, ukakunjwa na kuvutwa mpaka donge likawa laini na lenye kunyumbuka. Mkate wa kumimina ni ule ambao unga wake huwa rojo, yaani mchanganyiko mzito unaotiririka, nao huingia chomboni bila kiganja kuugusa. Mkate wa boga wa Marekani na Kanada, ambao wenyewe huuita mkate wa haraka kwa kuwa huumuliwa kwa magadi wala hausubiri hamira, ni wa ukoo wa pili hata unapopikwa kwa ngano. Kwa hiyo mpishi anayeuoka nyumbani bila ngano kabisa, kwa unga wa mchele na wanga wa muhogo, hastahili kuhurumiwa kama mtu anayehangaika na kibadala, kwa maana anaufikisha mkate huo mahali ulipokuwa ukielekea tangu mwanzo.

Ili jambo hilo lieleweke, inafaa kwanza kuielewa gluteni, kitu ambacho mtaalamu wa Bologna, Jacopo Bartolomeo Beccari, alikieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1745, na ambacho mtu yeyote aweza kukiona jikoni kwake. Donge la unga wa ngano likikandwa polepole ndani ya maji, maji hugeuka meupe kama tui kwa sababu wanga unatoka, na kadiri maji yanavyobadilishwa donge hupungua, mpaka mkononi kinabaki kipande cha rangi ya kijivujivu, chenye kunata, kinachovutika na kurudi kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni, nayo huundwa na protini mbili za ngano, gliadini na glutenini, zinapokutana na maji na kusuguliwa. Ndani ya mkate wa hamira kazi yake ni ya wavu: hamira hutoa hewa kidogo kidogo kwa saa nyingi, na bila kitu cha kunyumbuka cha kuikamata, hewa hiyo ingepotea na mkate ungebaki bapa.

Mkate wa haraka hauna shida hiyo. Hewa yake huzaliwa kwa dakika chache, na kabla haijapotea joto la oveni huwa limekwisha kuligandisha rojo kuizunguka. Humo wavu wa gluteni ni mgeni asiyealikwa, na ndiyo maana wapishi wa ngano husisitiziwa wasilikoroge rojo kupita kiasi na waache hata madonge madogo, kwa kuwa kila mzungusho wa ziada wa mwiko huifanya gluteni ijisuke na mkate utoke mgumu, wenye matundu marefu kama mapango ya mchwa. Sehemu kubwa ya ufundi wa mkate wa boga wa ngano ni ufundi wa kuikwepa ngano yenyewe. Anayetumia mchele hana cha kukwepa, na aweza kulipiga rojo lake mpaka ling'ae.

Hata hivyo, kazi iliyoachwa na gluteni lazima ifanywe na mwingine, na hapo ndipo ustadi unapoanza. Yai hushika kuta, kwa kuwa protini zake hukaza zinapopata moto. Wanga wa mchele na wa muhogo hunywa maji, huvimba na kugeuka uji mzito unaoziba nafasi. Na boga, ambalo wengi hulidhania ni la rangi na ladha tu, hufanya kazi ya tatu iliyo ngumu kuliko zote. Unga wa mchele una kasoro moja inayojulikana na kila aliyewahi kuula: ukikosa maji ya kutosha hubaki chembechembe ulimini kama mchanga mwembamba, na mkate wake hukauka siku ya pili. Boga ni maji kwa takriban sehemu tisa katika kumi, lakini maji yake hayatiririki ovyo, kwani yamefungwa ndani ya nyuzi laini na ndani ya pektini, utomvu uleule unaogandisha jamu, nayo huachiliwa polepole wakati wanga unapoyahitaji. Ni vigumu kubuni kiungo kinachofaa zaidi.

Boga si geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, awe analiita boga au malenge, na majani yake huliwa kama mboga kila siku. Asili yake, pamoja na jamaa zake wote wa karibu, ni Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, zimepatikana mbegu za maboga yaliyopandwa na watu miaka takriban 10,000 iliyopita. Muhogo nao ulivuka bahari kutoka huko. Mkate wa boga wenye wanga wa muhogo, kwa hiyo, unakutanisha tena mimea miwili ya bara moja, na mchele wa Asia unakuwa mwenyeji wao.

Wapishi wengi wa Marekani hutumia boga la kopo, ambalo kwa sehemu kubwa hulimwa jimbo la Illinois, na hakuna ubaya wowote, kwani uzito wake hautofautiani sana kati ya kopo na kopo. Lakini anayeanza na boga zima hujifunza zaidi. Hulipasua, huondoa mbegu, huvioka vipande vikiwa na maganda yake mpaka nyama ilegee, kisha huikwangua na kuiponda. Na kwa kuwa kila boga lina maji yake, huitia nyama hiyo katika kitambaa safi na kuiacha ining'inie. Matone ya mwanzo huwa mengi, ya manjano na matamu kidogo, kisha hupungua. Kipimo chake si saa: kijiko kikipitishwa juu ya boga lililochujwa vizuri huacha mfereji ambao kingo zake hazianguki, na maji hayajikusanyi chini yake. Boga lililobaki na maji mengi hutoa mkate wenye utepe mbichi na mzito chini, kosa linalosingiziwa unga mara nyingi bila haki.

Magadi yana historia ndefu kuliko oveni za leo. Kitabu cha Amelia Simmons, *American Cookery*, kilichochapwa Hartford mwaka 1796, kina upishi wa boga, na pia kinatumia chumvi iliyosafishwa kutoka majivu ya kuni ili kuumulia unga. Jambo hilo halitamshangaza mtu aliyekulia penye majivu yaliyochujwa au magadi ya ziwani ya kulainishia maharage. Bekingi pauda ya siku hizi ni magadi laini yaliyochanganywa na asidi kavu, na hewa huanza kutoka mara tu yanapolowa. Kwa sababu hiyo mpishi mwangalifu hukoroga kwanza unga wa mchele, boga, mayai, mafuta na sukari, akaliacha rojo litulie nusu saa ili chembe za mchele zinywe maji, na bekingi pauda huitia mwisho, pamoja na mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu kidogo. Kisha humimina, na chombo huingia katika joto la nyuzi 175 za Selsiasi kwa karibu saa nzima.

Watu wa pwani wanaujua uzuri wa kumimina. Mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia, hutengenezwa kwa mchele uliolowekwa na kusagwa pamoja na tui la nazi, hamira, sukari na iliki, ukapata moto chini na juu. Hakuna aliyewahi kuuita mkate usio na ngano, kwa kuwa ngano haikutarajiwa humo. Jina lake linataja kilichofanywa, halitaji kilichokosekana, na mkate wa boga wa mchele unastahili kutazamwa kwa jicho hilohilo.

Wako watu ambao kwao jambo hili ni zaidi ya ladha. Ugonjwa wa siliaki, unaokadiriwa kumpata takriban mtu mmoja katika kila 100, huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo mwembamba kila gluteni inapoliwa, na vijinyuzi vya utumbo vinavyofyonza chakula hulala na kuisha. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa amekwisha kuishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ilimwongezea sababu, kwani mkate ulipoadimika watoto wenye ugonjwa huo hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa, na uliporudi walirudi kuugua. Tasnifu yake ni ya mwaka 1950. Tiba iliyopo mpaka leo ni kuiacha gluteni maisha yote, bila kuonja, na kiwango cha chakula kuitwa kisicho na gluteni ni kutozidi miligramu 20 katika kilo moja. Kiasi hicho ni kidogo mno, na chembe za unga wa ngano zilizojificha katika nyufa za mwiko wa mti au katika wavu wa chekecheo zinatosha kukivuka. Hivyo mpishi wa nyumba yenye mgonjwa huwa na mwiko wake, chekecheo lake na bati lake, vilivyowekwa mbali na vingine, na uangalifu huo ni sehemu ya upishi sawa na kupima sukari.

Mkate ukitoka ovenini bado haujaisha kupikwa. Kijiti kikichomekwa hutoka kikavu, harufu imejaa nyumba nzima, na kisu kikiingia wakati huo hutoka na uji umekigandia, kwa sababu wanga bado ni laini na hujikaza tu unapopoa. Mpishi anayejua huutoa batini baada ya dakika kumi, akauweka juu ya wavu wa waya na kuuacha, mara nyingi mpaka asubuhi. Asubuhi ganda la juu huwa limelainika na kupata unyevunyevu unaonata kidogo vidoleni, ndani kumekuwa na rangi ya machungwa iliyoiva, matundu ni madogo na yamelingana, na kipande hukatika bila kumeguka. Kisigino cha mkate, chenye ukoko mwingi, hupewa yule ambaye kwa ajili yake mwiko mmoja umetengwa.