Sifa za Kitanda Kilichowambwa

Kando ya barabara za Keko, Dar es Salaam, vitanda hupangwa mbele ya karakana tangu asubuhi: vya mninga, vya mkongo, vya mbao laini zilizopakwa rangi zifanane na mninga. Macho ya mnunuzi huenda kwenye ubao wa kichwani, kwa sababu ndipo nakshi zilipo na ndipo bei inapopatanwa. Huuliza kama ni tano kwa sita au sita kwa sita, hugonga mbao kwa kidole, hutikisa matendegu. Ni nadra mtu kuinama na kuuliza godoro litalala juu ya nini. Na hapo chini, mahali pasipoulizwa, ndipo ufundi wa kitanda ulipopotelea. Zamani palikuwa na kamba, zikaja chaga, na sasa mara nyingi ni bamba zima la plaiwudi lililopigiliwa misumari pande nne bila tundu hata moja. Mimi nashikilia kwamba kitanda kisichopitisha hewa chini ya godoro hakijamalizika kutengenezwa, hata kingekuwa na nakshi za Lamu nzima, na kwamba mafundi waliowamba vitanda kwa kamba walilielewa jambo hili vizuri kuliko wengi wanaotuuzia vitanda leo.

Anayelala hutoa maji usiku kucha kwa ngozi na kwa pumzi, hata asipolowa jasho la kuonekana. Kwa saa nane huweza kufika kiasi cha robo lita, na usiku wa joto hupita hapo. Sehemu ya mvuke huo hupanda na kutawanyika chumbani, lakini ule wa mgongoni na ubavuni hauna njia ila kushuka ndani ya godoro. Sponji ina vitundu, basi huupitisha, ubao haupitishi. Kama ubao umepoa, mvuke hugeuka maji papo hapo, kwa sababu hewa ya nyuzijoto 30 huweza kubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo, ilhali ile ya nyuzijoto 10 haiwezi kubeba hata gramu 10. Tabibu William Charles Wells, aliyefanya kazi London, alilieleza hilo mwaka 1814 katika kitabu chake juu ya umande: umande hauanguki kutoka juu, bali hujikusanya juu ya kitu kilichopoa kuliko hewa inayokigusa. Unaolowesha tumbo la godoro ni umande huohuo, ila umejificha mahali ambapo jua la asubuhi haliufikii. Na godoro lenyewe huusaidia bila kukusudia. Kadiri sponji inavyozuia joto la mwili lisishuke, ndivyo ubao ulio chini yake unavyobaki wa baridi.

Wanaoujua umande huu kwa uchungu zaidi ni wanaolala katika matrela ya kambi na katika mahema yanayofungwa juu ya magari. Chumba ni kidogo, kuta ni nyembamba, na wawili waliolala humo hupumua hewa ileile hadi alfajiri. Kitanda chake kwa kawaida ni kifuniko cha sanduku la mizigo: ubao mzima, na chini yake baridi ya usiku. Wasafiri wanaopiga kambi kwenye ukingo wa Ngorongoro, kwenye mwinuko wa kama mita 2,300, huweza kuinua godoro asubuhi wakakuta ubao umelowa kana kwamba mvua imevuja, na hema halina tundu. Wakilikunja hivyo hivyo kwa safari ya siku mbili tatu, madoa meusi ya kuvu huota na uvundo wake hauondoki tena. Huko Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako trela ni sehemu ya maisha ya likizo, wenye matrela hununua vikopo vya chumvi inayofyonza unyevu, hita, na mashine za kukausha hewa. Na wengi huishia kung'oa ubao na kuweka chaga, au kutandika chini ya godoro wavu mnene wa nyuzi ngumu unaoacha upenyo wa hewa wa sentimita moja au mbili. Wamelipa gharama kubwa ili wafike mahali ambapo fundi wa kamba alianzia.

Fundi huyo alianza na mifumbati miwili ya urefu, vitakizo viwili vya upana na matendegu manne. Kisha kazi yenyewe ikaanza. Kamba ilizungushwa kutoka mfumbati hadi mfumbati, ikivutwa hadi ilie, kisha za upande wa pili zikapitishwa juu na chini, mbilimbili au tatutatu, kila moja ikizibana zile zilizotangulia. Ugumu wake ni kwamba hakuna kamba inayokaa peke yake. Ukikaza ya hapa, ya pale hulegea, na ukizidisha, mifumbati huinama kuelekeana. Basi fundi alilazimika kuupitia uso mzima tena na tena, akiusikiliza kwa kiganja, hadi uzito wa mtu usambae sawasawa badala ya kudidimia katikati. Matundu yaliyobaki hayakuwa mabaki ya kazi. Yalipimwa: madogo kiasi cha kutopitisha kiwiko, makubwa kiasi cha kuacha hewa ya chini ya kitanda ifike kwenye mgongo wa aliyelala.

Na kamba yenyewe ilikuwa imekwisha kujaribiwa na bahari. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa ufukwe, mahali maji ya chumvi yanapojaa na kupwa, yakakaa miezi mingi hadi nyama yake ilainike. Hufukuliwa, huoshwa na kupondwa kwa gongo hadi zibaki nyuzi tupu, ambazo huanikwa na kusokotwa kwa viganja. Katika pwani ya mashariki ya Unguja hii imekuwa kazi ya wanawake kwa vizazi, wakisimama matopeni wakati wa maji kupwa, na uzuri wa kamba unategemea subira yao kuliko nguvu zao. Kwa maana chochote chenye kuoza ndani ya kumbi kimeozea baharini; kinachobaki hakitishwi na jasho la mtu. Kamba hiyo ndiyo iliyoshona mbao za mitepe, majahazi yaliyoenda mwambao huu bila msumari. Kitandani, juu ya kamba hiyo, ulitandikwa mkeka wa ukindu, na juu ya mkeka godoro la sufi, ambayo nyuzi zake zina nta ya asili na hazinywi maji upesi, ndiyo sababu iliwahi kujazwa ndani ya majaketi ya kujiokolea baharini. Matabaka matatu, na hakuna hata moja linaloifungia hewa njia. Si rahisi kuamini kwamba haya yote yalitokea kwa bahati.

Wala si fikra ya pwani yetu peke yake. Katika kaburi la mfalme Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, kulikuwamo kitanda cha safari cha kukunjwa mara tatu, na mahali pa kulalia pake ni wavu uliosukwa. Sudan kuna angareb hadi leo, na Bara Hindi kuna charpai, yenye kamba ya kukazia upande wa miguuni. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipoingia Hindi miaka michache baadaye alivutwa na vitanda vyepesi vya huko, matendegu manne na vijiti vinne vilivyosukiwa tepe za hariri au pamba, ambavyo msafiri hubebewa kichwani na mtumishi, na ambavyo havihitaji kuongezewa kitu ili vimlaze mtu vizuri. Kitanda cha kusukwa, basi, kilikuwa kitanda cha msafiri tangu kale. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa matrela ya alumini, zaidi ya 40, kutoka Cape Town, yakapita Kenya na Ethiopia hadi Cairo. Ulikuwa ujasiri wa kusifiwa. Lakini mji walikomalizia safari ndio ambao makumbusho yake yalikihifadhi kitanda cha yule mfalme kijana, na watengenezaji wa matrela wa miaka hiyo na iliyofuata waliendelea kumlaza msafiri juu ya ubao.

Watasema kitanda cha kamba hubonyea. Hubonyea, na kisha hukazwa. Ubao ukioza hauna cha kukazwa. Watasema kunguni hujificha ndani ya kamba, na hili si neno dogo, kwa maana kaya nyingi ziliviacha vitanda hivyo kwa sababu yao. Lakini kunguni hawahitaji kamba. Hukaa katika kila ufa, na kitanda cha plaiwudi kimejaa nyufa ambazo hakuna maji yanayozifikia, ilhali cha kamba hutolewa uani, kikamwagiwa maji yanayochemka, kikaachwa juani mchana kutwa. Watasema pia kwamba kamba huleta baridi kutoka chini, na kwa Njombe au Makete, ambako usiku wa Juni hauna huruma, pingamizi hili lina nguvu kweli. Jibu lake si kuifunga hewa. Jibu ni kuongeza tabaka linalozuia baridi huku likipitisha mvuke, blanketi la sufu au mkeka wa pili, kati ya kamba na godoro. Mtu aliyelazwa juu ya ubao hupata joto la saa chache za mwanzo, kisha hulala juu ya maji.

Pingamizi lenye akili zaidi ni la watu wa pwani: Dar es Salaam na Mombasa hakuna ubao wa baridi, basi umande utoke wapi? Kweli, huko mvuke haugeuki matone kama Ngorongoro. Lakini hewa ya pwani yenyewe mara nyingi hubeba unyevu uliopita asilimia 70 ya uwezo wake, na kuvu haihitaji matone. Hutosheka na unyevu wa namna hiyo ukizidi kidogo na kukaa pasipotikiswa na upepo. Jasho lililoshuka jana halijakauka, na la leo linalifuata. Kuanika godoro Jumamosi husaidia, nami simzuii mtu kuanika, ila siku sita zilizobaki humrudishia alichokianika. Chaga zilizoachana vidole vinne ni ndugu wa kamba, na zingetosha kama mafundi wasingezifunika kwa bamba ili sponji hafifu isizame kati yake: kasoro ya godoro inafichwa kwa kukiharibu kitanda. Kutoboa matundu machache kwenye bamba nako hakufai kitu, maana godoro huyaziba lenyewe kwa uzito wake. Na kuna desturi moja inayonisikitisha kuliko zote, ya kuliacha godoro jipya ndani ya nailoni lililonunuliwa nayo ili lisichafuke. Jasho lisiloweza kushuka hurudi kwenye shuka, na usafi uliotafutwa huishia kuwa uvundo.

Linabaki suala la bei. Bamba hupigiliwa kwa dakika chache, kuwamba huchukua siku, na mnunuzi hulipia kwa furaha kile ambacho wageni watakiona. Lakini gharama ya ubao haijafutwa. Imehamishiwa kwa anayelala, katika godoro linalotupwa kabla ya wakati wake na katika kifua cha mtoto mwenye pumu anayevuta vumbi la kuvu kila usiku. Malighafi haijaadimika: makumbi yametapakaa chini ya minazi ya Unguja na Pemba, Tanga bado inalima mkonge, na mbao za mifumbati huchongwa kila siku. Wapo pia wazee wachache wanaojua kuvuta kamba hadi ilie. Ni watu wa umri wa kupumzika sasa, na kwa kuwa hakuna anayewaagiza kitanda, hakuna kijana anayekaa karibu nao kujifunza.